Dawa ya mtoto mchanga hupimwa kwa kilo, haipimwi kwa jicho



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, mkanda wa usalama na magari makubwa ya kubeba mawe. Leo tunatoka katika shimo na kiwanda, tunaingia nyumbani, mpaka kwenye kabati ndogo ambamo mama anaweka dawa za watoto. Huko nako ajali hutokea. Haina kelele, haivunji mashine, haiandikwi katika kitabu cha ajali cha kazini. Lakini anayeumia ni mtoto wa miezi mitatu au minne, ambaye hawezi kusema: “Baba, kichwa kinanizunguka.”

Wewe unayefanya kazi ya kupasua mawe, au uliye jirani na mtu wa kazi hiyo, unajua jambo hili vizuri. Mtu wa baruti haweki baruti katika tundu kwa kukisia. Anahesabu matundu, anajua urefu wake, anajua uzito anaoutia. Akizidisha, mawe yanaruka hadi pasipotakiwa. Akipunguza, mwamba unabaki palepale, na pengine baruti isiyolipuka inabaki ndani, inamngoja mwenzake wa zamu inayofuata. Dawa za kupigana na mikrobi, zile wanganga wanaita antibiotiki, ni hivyo hivyo. Ukizidisha, unamwumiza mtoto mwenyewe. Ukipunguza, mikrobi dhaifu zinakufa, zenye nguvu zinabaki, zinazoea dawa, kisha zinapita kwa mtoto mwingine wa nyumba hiyo au wa nyumba ya jirani.

Basi tuongee juu ya kipimo. Ndicho kitu wazazi wengi wanakiona kidogo, na ndicho kinacholeta shida nyingi.

DAWA YA KAKA SI DAWA YA MDOGO WAKE

Tuseme baba yuko zamu ya usiku. Mtoto wa miezi mitano anakohoa tangu jana. Ni mwezi wa sita, baridi ni kali asubuhi, vumbi la barabara limejaa kila mahali. Mama anafungua kabati, anakuta chupa ya amoksisilini iliyobaki wakati kaka yake wa miaka minne alipougua mwezi uliopita. Jirani anamwambia: “Mama, mpe tu hiyo, ni dawa ile ile. Mtoto ni mdogo, mpe kijiko kimoja kidogo.”

Jirani huyo anasema kwa moyo mwema. Lakini hebu tuhesabu makosa yaliyo ndani ya kijiko hicho kimoja.

Kwanza, hakuna aliyempima mtoto. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3, akikua vizuri, anafika karibu kilo 6 akiwa na miezi mitano, na karibu kilo 9 akitimiza mwaka. Maana yake uzito wake unaongezeka mara mbili katika miezi mitano tu! Mtu mzima hawezi kubadilika hivyo. Kwa hiyo hata karatasi ya muuguzi iliyoandikwa kwa mtoto huyo huyo miezi minne iliyopita haifai tena leo.

Pili, chupa ile ilitoka farmasi ikiwa na unga mkavu, ikatiwa maji nyumbani. Tangu siku ile ya kutiwa maji, dawa ilianza kupoteza nguvu. Amoksisilini ya maji ikiwekwa nje, pasipo friji, kwa kawaida haifai kupita siku 7. Hii ina mwezi. Rangi yake inaweza kuwa nzuri na harufu ya matunda inaweza kubaki, lakini nguvu ya dawa haionekani kwa rangi wala harufu.

Tatu, hakuna aliyesoma namba iliyo juu ya chupa. Tutarudi kwa jambo hili, kwa maana ni kubwa.

Nne, na hapa mama wengi watashangaa: labda mtoto hahitaji antibiotiki hata kidogo.

HESABU YENYEWE

Tuchukue amoksisilini, kwa sababu ndiyo dawa ambayo muuguzi anaitoa mara nyingi kwa mtoto mwenye ugonjwa wa mapafu, ule wanganga wanaita pneumonia. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya la Dunia limeshauri kwamba mtoto mwenye miezi miwili mpaka miaka mitano, akiwa na pneumonia ya kutibiwa nyumbani, apewe angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku. Muuguzi anazidisha namba hiyo na kilo za mtoto wako. Kilo 6 mara 40 ni miligramu 240. Hicho ndicho kipimo cha mara moja. Jioni anarudia kile kile.

Sasa angalia chupa. Siro ya amoksisilini inauzwa kwa nguvu mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ina miligramu 125 katika kila mililita 5. Ya pili ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Chupa zinafanana, unga unafanana, mara nyingine hata karatasi ya nje ina rangi moja. Lakini mtoto wa kilo 6 anahitaji karibu mililita 10 za chupa ya kwanza, na karibu mililita 5 tu za chupa ya pili. Mama aliyezoea kutoa “mililita 10”, kisha farmasi ikampa safari hii chupa yenye nguvu, anatoa dawa mara mbili ya inayotakiwa. Mama aliyezoea “mililita 5”, akapewa chupa dhaifu, anatoa nusu. Wote wawili wanafanya kazi yao kwa bidii, kwa saa, bila kukosa siku.

Sisi tunaona nusu ile ni hatari kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Wazazi wanaogopa sana kuzidisha, na ni vizuri waogope. Lakini mtoto mwenye pneumonia akipewa nusu, siku ya pili homa inapungua kidogo, anacheka, mama anafurahi. Siku ya nne pumzi inaanza tena kwenda mbio. Na ugonjwa huu wa mapafu mpaka leo ni mmoja wa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi duniani kabla ya kufika miaka mitano. Kile kijiko kimoja ambacho jirani alishauri, kama kingetoka katika chupa ya 125, kingekuwa nusu.

Kwa sababu ya taabu hii ya chupa na vijiko, siku hizi dispanseri nyingi zinatoa vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250 (wazee wetu kila kidonge wanakiita kinini, na wanaelewana). Hesabu yake ni nyepesi. Mtoto wa kilo 4 mpaka karibu 10 anapewa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wa kilo 10 mpaka karibu 14 anapewa viwili asubuhi, viwili jioni. Wa kilo 14 mpaka 19 anapewa vitatu na vitatu. Ona basi: kaka wa miaka minne na mdogo wake wa miezi mitano, katika nyumba moja, kwa ugonjwa mmoja, mmoja anapewa vidonge vitatu na mwingine kimoja. Tunaandika namba hizi ili ujue muuguzi anahesabu namna gani, na umwulize kama huoni sawa. Hatuziandiki ili ujigeuze muuguzi. Na zile zote hazimhusu mtoto aliye chini ya miezi miwili. Huyo ana sheria yake.

Kidonge hicho usikivunje wala usikipe kikavu. Kitie katika kijiko au kikombe kidogo chenye maji safi kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, ngoja kiyeyuke chote, mpe mtoto polepole, kisha tia tena matone machache ya maji kuosha unga uliobaki ndani ya kikombe, mpe na hayo. Unga unaobaki chini ni dawa uliyoilipia.

Kuna desturi nyingine ambayo tungependa iishe kambini mwetu. Mtu ananunua sokoni kapsuli ya mkubwa, ya miligramu 500, anaifungua, anamwaga unga juu ya karatasi, anaugawa kwa ncha ya kisu: hii ya asubuhi, hii ya jioni. Mgawo wa kisu si kipimo. Leo mtoto anapata 150, kesho 350. Na kama kapsuli ile ilikaa juani juu ya meza ya mchuuzi tangu asubuhi, hujui hata kama 500 ile bado ni 500.

KIJIKO CHA NYUMBANI

Kijiko cha kahawa katika vitabu ni mililita 5. Kijiko cha kahawa katika nyumba yako hakijasoma vitabu. Kingine kinabeba 3, kingine kinafika 7. Jaribu mwenyewe siku ya mapumziko: chukua seringi mpya isiyo na sindano, vuta maji mililita 5, mimina katika vijiko vyote ulivyo navyo. Utaona kimoja kinafurika na kingine hakijai.

Kwa mtoto mchanga, kipimo kizuri ni seringi ya plastiki isiyo na sindano, yenye namba. Omba farmasi. Bei yake ni ndogo. Mshike mtoto nusu ameketi, tia ncha upande wa ndani wa shavu, sukuma kidogo kidogo akimeza. Usimwage yote kwa nguvu katika koo, na usimzibe pua ili ameze. Dawa inaweza kwenda katika mapafu. Wala usiitie dawa katika biberoni nzima ya maziwa. Akiacha nusu ya maziwa, ameacha nusu ya dawa.

Unga wa chupa utie maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye alama iliyo juu ya chupa au ya karatasi, si chini na si juu. Gongagonga chupa kwanza ili unga usishikamane, tia maji nusu, tikisa, ongeza mpaka alama. Kisha tikisa kila mara kabla ya kutoa. Asiyetikisa anampa mtoto maji matamu siku za kwanza, na siku ya mwisho anampa tope lenye dawa yote. Andika juu ya chupa siku uliyotia maji. Kalamu ya baba ya kazini inatosha kwa hilo.

Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia kipimo. Ikipita nusu saa, usirudie. Akitapika kila mara, rudi dispanseri. Ukisahau asubuhi na ukakumbuka jioni, toa kipimo cha jioni peke yake. Usitoe viwili pamoja kwa kulipa deni.

KWA NINI MTOTO MCHANGA SI MTU MZIMA MDOGO

Watu wanafikiri hivi: mimi nina kilo 60, mtoto ana kilo 3, basi nitagawa dawa yangu mara ishirini. Hesabu inaonekana nzuri, lakini mwili haukubali. Dawa ikiingia mwilini, sherti itoke. Inatoka kwa njia ya ini, linaloibadilisha, na kwa njia ya figo, zinazoitoa katika mkojo. Ini na figo za mtoto aliyezaliwa juzi bado hazijaanza kazi kwa nguvu zote. Ni kama kiwanda kipya: mitambo iko, lakini haijafunguliwa yote. Tena karibu robo tatu za mwili wa mtoto mchanga ni maji, kuliko mwili wa mkubwa, na dawa nyingine zinaenea katika maji hayo. Kwa hiyo dawa moja inahitaji kipimo kikubwa kidogo kwa kila kilo lakini kwa nafasi ya mbali. Nyingine inahitaji kipunguzwe. Nyingine haifai kabisa. Mfano ni ampisilini ya sindano: katika juma la kwanza la maisha inatolewa kila saa 12, na baada ya juma hilo kila saa 8. Ni mtoto yule yule na dawa ile ile, siku chache tu zimepita.

Wanganga hawakujua mambo hayo tangu mwanzo. Waliyajua kwa vifo vya watoto. Mwaka 1956, huko New York, munganga Silverman na wenzake walitoa habari ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao walipewa dawa za kuwakinga na mikrobi. Kundi moja lilipewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya sulfa. Kundi lingine lilipewa dawa ya jamii ya tetrasikilini. Katika kundi la sulfa walikufa wengi zaidi, na walipochunguzwa, ubongo wao ulikutwa na rangi ya manjano. Sulfa ilikuwa imesukuma ile rangi ya manjano ya damu kutoka mahali inaposhikwa, ikaingia katika ubongo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, wanganga wa Los Angeles, Burns, Hodgman na Cass, walionyesha jambo jingine. Kulikuwa na dawa yenye sifa kubwa, kloramfenikoli, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ilitumiwa sana kutibu homa ya matumbo. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati waliipewa ili wasishikwe na ugonjwa. Tumbo lilivimba, walitapika, mwili ulilegea na kupoa, na ngozi ikageuka rangi ya majivu. Kati ya waliopewa dawa hiyo, zaidi ya nusu walikufa. Kati ya wale wasiopewa kitu, alikufa karibu mmoja kwa watano. Angalia vizuri: dawa iliyotolewa kwa kulinda ilikuwa ndiyo inayoua, kwa sababu ini la mtoto halikuweza kuibadilisha na ilijaa mwilini siku kwa siku. Ugonjwa ule uliitwa ugonjwa wa mtoto wa kijivu.

Hatukusimulii haya ili uogope dawa. Tunasimulia ili siku mchuuzi akikwambia, “Dawa hii ni nzuri, hata mimi nilipona nayo,” ujue kwamba neno hilo halina maana kwa mtoto wa majuma mawili.

Kotrimoksazoli, ambayo wengi mnaiita Bactrim, ina sulfa ndani yake. Haifai mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye macho ya manjano au aliyezaliwa kabla ya wakati. Lakini shika neno hili: kuna watoto ambao dispanseri inawapa kotrimoksazoli kila siku tangu majuma manne au sita, kwa sababu mama ana virusi vya ukimwi. Hao wasiachishwe kwa sababu mzazi amesoma ukurasa huu. Kipimo chao kimehesabiwa na kinawalinda. Tetrasikilini nayo inachafua meno ya mtoto yanayoota, na doa hilo halitoki kwa mswaki. Seftriaksoni, sindano ambayo siku hizi watu wanaiomba kwa jina kama wanaomba mkate, haifai kwa mtoto mchanga mwenye manjano, wala haitolewi kwa mtoto mchanga anayepata maji ya mshipa yenye kalsiamu.

SINDANO NA CHUPA NDOGO ZINAZOFANANA

Wengine wanaamini kwamba sindano ni dawa na kidonge ni chakula. Si kweli. Kwa mtoto anayeweza kumeza na asiye na dalili za hatari, amoksisilini ya mdomo inatibu pneumonia vizuri.

Sindano ina hatari zake. Kuna jentamisini, dawa ya maana sana kwa mtoto mchanga mwenye mikrobi katika damu. Chupa yake ndogo ya mililita 2 inaweza kuwa na miligramu 20, na nyingine ya mililita 2 ikawa na miligramu 80. Ukubwa ni mmoja, maji ndani ni meupe yote. Anayeshika ile ya 80 akidhani ni ya 20 anatoa mara nne! Na jentamisini ikizidi inaharibu figo na masikio. Wewe baba unayefanya kazi karibu na mashine za kusaga mawe, unayevaa kizibo cha masikio kila siku, unajua uziwi ni nini. Mtoto aliyepoteza masikio kabla ya kujifunza kusema atakosa na maneno pia. Ndiyo sababu wauguzi wanafundishwa kuichanganya ile ya 80 na mililita 6 za maji safi ya sindano kwanza, ndipo kila mililita inabeba miligramu 10 sawasawa na ile nyingine. Kazi hiyo haifanywi na mtu anayepita nyumba kwa nyumba na seringi katika mfuko wa koti.

Tena sindano ya mtoto mchanga inachomwa katika paja, upande wa mbele na wa nje. Katika tako la mtoto kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaokwenda mguuni, na nyama ya kuufunika ni ndogo. Sindano ikiugusa, mtoto anaweza kuburuta mguu maisha yake yote. Ukiona mtu anamgeuza mtoto wako kumchoma tako, una haki ya kumwambia: “Samahani, munganga, mchome paja.” Muuguzi wa kweli hakasiriki.

SI KILA KIKOHOZI

Mafua na kikohozi chepesi huletwa mara nyingi na virusi, na antibiotiki haiviwezi virusi. Kuhara maji matupu, bila damu, kunahitaji maji ya chumvi na sukari ya dispanseri na vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyepita. Homa inahitaji kwanza damu ipimwe malaria. Antibiotiki inayotolewa bure inampa mtoto kuhara na vidonda vya kinywa, na inazifundisha mikrobi ujanja.

Sasa utajuaje kikohozi kibaya? Mvue nguo ya juu akiwa ametulia, halii, hanyonyi. Angalia tumbo linavyopanda na kushuka. Shika saa, au simu ya baba, hesabu dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mbili, maana mtoto mchanga hupumua bila mpango, mara mbio, mara polepole. Kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Kwa wa miezi miwili mpaka mwaka, 50. Kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Ukikuta namba hiyo, peleka dispanseri siku ile ile. Nkambo wa nyumba anaweza kufundishwa kuhesabu. Wengi wanaona haraka kuliko sisi.

Ukifika dirishani kwa farmasi, usiondoke kabla ya kuuliza: mtoto wangu ni kilo ngapi leo, nitoe mililita ngapi au vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, siku ngapi. Mwombe muuguzi aandike namba, si “kijiko”. Kisha chukua seringi au kidonge mbele yake, mwonyeshe utakavyofanya. Kumwonyesha si aibu. Kazini tunajaribu breki kabla ya kushuka mteremko, na hakuna anayecheka. Kama hali ya mtoto haikubadilika baada ya siku mbili au tatu, rudi, hata kama dawa haijaisha. Akipona mapema, endelea mpaka siku zilizoandikwa ziishe. Zikiisha na dawa ikabaki, irudishe kwa farmasi au dispanseri. Usimpe jirani.

Akitokea vipele mwili mzima, au uso na midomo vikavimba baada ya dawa, acha dawa na mkimbize kwa munganga, ukiwa na chupa mkononi.

Na yule aliye chini ya miezi miwili: huyo hana dawa ya nyumbani. Akikataa ziwa, akilegea, akiwa na moto mwilini au akiwa baridi kuliko kawaida, akivuta pumzi hadi mbavu zinaingia ndani, akishtuka-shtuka viungo, usimpe kijiko cha kitu chochote ukingoja asubuhi. Mfunge kifuani pako, ngozi kwa ngozi, apate joto, mnyonyeshe njiani kama anaweza, chukua kadi yake ya kupimwa na mpeleke hospitali usiku huo huo. Baba akiwa zamu, mpigie simu au mtume mtu kwa kiongozi wa zamu. Hakuna tani ya mawe iliyo na haraka kuliko hiyo.